Shada Lisilonukia

Kazi yangu ni harufu.
Mwaka wa thelathini na moja nafunga vikuba Langoni:
rehani, asumini, kipande cha mkadi,
uzi, fundo, haya mwingine.
Hata wali nikila, unanukia arusi ya mtu.

Kisha Mwanaheri akafiwa, jirani wa ukuta mmoja,
akaingia eda. Miezi minne na siku kumi
bila udi, bila hina, bila ua kichwani,
na zidaka za chumba chake, zile zile
nilizozipamba mimi alipoolewa,
zimekaa wazi kama vinywa vya makinda.

Aliniita kwa dirisha la wikio, mimi njiani chini.
"Somoe, niletee kitu cha kutizama.
Kisinukie."

Kisinukie!
Mwambie mwashi ajenge asiguse chokaa.
Nikasugua mikono kwa jivu na limau,
nikashika njia ya Hidabu, kisu upindoni,
nikaanza kuvitazama vitu ambavyo pua yangu
haikuwahi kuvipa salamu.

Bamia zilizosahauliwa shambani,
zimekomaa hata zimekuwa mti, zimechanika mbavu,
ndani mbegu zimejipanga kama chuoni.
Ufuta mkavu: huu niliubeba wima
kama mtu abebaye taa penye upepo,
maana ukiinama tu, umekwisha.
Vitunguu vilivyoachwa vikachanua, vichwa kama mwezi.
Nikavinusa, nikavirudisha.
Aliyekatazwa kunukia hakuomba kunuka.
Mabua ya mtama waliyoyamaliza ndege.
Kuti la mkoma lililokunjwa na jua.
Na vishada vya mbono, vimejaa miiba
kama vitoto vya nungu, bado vimefumba.

Kichochoroni nikakutana na punda wa mchanga.
Pale hapana kupishana.
Alikula mtama wote, polepole,
jicho lake kwenye jicho langu,
bamia akaniachia.

Maua nayajua: marefu nyuma, meupe katikati,
kasoro unaifunika kwa rehani.
Haya yalinikatalia. Bua lilitaka kuegemea,
nikalisimamisha, likaegemea,
mwisho nikaliacha na tabia yake.
Kuti la mkoma likatupa kivuli ukutani
na kivuli kikawa nusu ya shada,
nusu ambayo sikuifunga mimi.

Mwanaheri hakusema ahsante.
Alisogeza bamia moja, kwa kidole kimoja,
upana wa uzi.
Akakaa chini, akatizama.

Usiku wa tatu akanigongea ukuta.
Nikapanda kwake na kandili, kanga nimeivaa kinyume.
"Sikiza," akasema.
Kimya. Kimya. Halafu: ta!
Mbono imepasuka kwenye kidaka,
mbegu ikaruka, ikagonga sinia.
"Nilidhani ni yeye," akasema,
"avunja vidole kabla ya kulala.
Kila usiku nilimgombeza. Miaka yote hiyo,
kila usiku."
Nikamwambia asubuhi nitalitoa.
Hakujibu. Ikalia nyingine, ndogo,
kama ya kidole cha mwisho.
"Liwate," akasema.

Nililiacha. Nikawa napita kufuta vumbi tu.
Sisimizi wakauvumbua ufuta,
wakauhamisha punje kwa punje
kwa njia waijuayo wao nyuma ya plasta,
na mimi, niliyekwisha kuua sisimizi wengi
kwa ajili ya asumini, sikuwagusa.

Siku ya kutoka eda ngazi ilijaa wanawake.
Sinia mbele, asumini mbichi, udi,
mikono yangu imerudia kunukia.
Nikamfunga kikuba. Akafumba macho,
akavuta pumzi kama aliyekuwa majini.

Nikageuka kwenye kidaka kulikusanya lile takataka,
mabua, maganda, vumbi la mbegu.
Akanishika mkono.
"Bado moja," akasema,
na kidole chake kikaonyesha juu,
mbono moja, ya kahawia, imefumba.